Kitunguu saumu kikavu: wenzangu wa Kusini mnakitumiaje bila kuungua wala kuganda?

MbanguaKorosho (Mtwara)

Wakuu, za jioni. Uzi huu si wa kuuza kitu, ingawa wanaonijua watacheka.

Mimi nakaanga korosho nyumbani, Chikongola, nazifunga kwenye vifuko vidogo, vijana wananitembezea stendi. Za chumvi zinatoka. Zinazotoka kuliko zote ni za kitunguu saumu: abiria akishaonja moja pale dirishani, huyo anachukua vifuko vitatu, kimoja cha njiani na viwili vya nyumbani, na vyote vitatu vinaisha kabla ya Lindi. Sasa hizo ndizo zilizonitesa karibu mwaka mzima. Naweka hapa nilipokosea, anayejua zaidi aongeze.

Mwanzo wake ni Mei 2024, ile mvua ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga. Mnakumbuka malori yalivyokwama. Kitunguu saumu huku kwetu hatulimi, tunangoja cha Mbulu na huko bara kwingine, au kile cheupe cha China. Nilikwenda sokoni nikakuta vichwa vya mwisho mwisho, vyepesi, ukiminya punje inazama ndani kama jicho la samaki wa jana. Barabara ilipofunguka nikanunua vingi kwa hasira. Haukupita muda vingine vimechipua, vingine ukibandua ganda unakuta masizi meusi, ukungu umeshaingia. Joto letu na hewa ya bahari tunaijua wenyewe.

Ndipo nikaamua kuvikausha vilivyopona. Nilimenya, nikakata vipande vyembamba, unene wa sarafu, nikatandaza kwenye ungo na chandarua juu, upepo wa kusi ukafanya kazi yake. Jioni naingiza ndani kabla umande haujashuka. Siku ya kwanza vinanata vidoleni. Siku ya pili vinakunjika kama ngozi. Siku ya nne nikachukua kimoja nikakikunja, kikavunjika kwa mlio. Hapo ndipo kimekauka, kabla ya hapo usijidanganye. Nikatwanga kwenye kinu, nikachekecha. Nilikuwa nimewaza kwenda kusaga mashineni, mwenye mashine alinitazama tu, akaniuliza unga wa watu atauweka wapi. Alikuwa na haki yake.

Jirani aliuliza mara mbili kama nimeanza kuuza dawa. Na jueni kwamba kilo moja ya punje zilizomenywa inarudi kama theluthi yake, kilichobaki kilikuwa maji.

Sasa makosa. La kwanza: niliweka korosho kwenye karai, mafuta kidogo, nikamwaga unga wa kitunguu saumu juu yake moto ukiwaka. Sikumaliza hata kugeuza mara kumi, unga umeshakuwa wa kahawia, halafu mweusi, halafu uchungu. Kilo tatu. Korosho nzima, si vipande! Tulizila na watoto kwa chai, mdogo akauliza, "Mama, hizi ni za malaria?"

La pili: nikasema basi naweka unga mwisho, korosho zikishapoa. Haukushika. Ulishuka wote chini ya kifuko, mteja anakula korosho tupu, mwishoni anapigwa na unga kooni. Na hata ladha yenyewe imelala, kama unalamba bahasha.

Kilichonitoa ni jambo la bahati. Bibi mmoja aliyenifundisha kazi hii alinionyesha kwamba chumvi haitiwi kavu kwenye korosho. Unaiyeyusha kwenye maji kidogo, unanyunyizia korosho zikiwa za moto, unageuza mpaka maji yakauke, chumvi inabaki imeshika kama vumbi la chokaa. Siku hiyo nikatia unga wa kitunguu saumu kwenye yale maji ya chumvi, kabla sijanyunyiza nikaitwa nje, maneno ya watu wa kikoba hayaishi. Narudi baada ya robo saa hivi, bakuli linanuka jiko zima kama nimetoka kuponda kibichi! Tangu siku hiyo sijarudi nyuma.

Kipimo changu: korosho kilo moja, maji vijiko vitatu vya chakula, chumvi vijiko viwili vya chai, unga wa kitunguu saumu vijiko viwili vya chai. Maji yawe ya kawaida, si ya moto. Acha dakika kumi. Korosho zikishaiva nyunyiza, epua karai hapohapo, endelea kugeuza kwa lile joto la karai lenyewe. Zikikauka tandaza kwenye sinia mpaka zilie kavu.

Swali langu sasa: unga unaganda kwenye kopo. Wiki mbili tu umekuwa jiwe, nauvunja kwa mchi. Mnafanyaje?

Kibua wa Feri (Mtwara)

Nimekaa siti ya mbele. Hizo korosho nimewahi kuzila, sikujua zina historia ya machozi.

Mzee wa Mikindani

Kitunguu saumu ni kile unachoponda. Punje, chumvi ya mawe, kinu, basi. Cha unga ni cha watu wa mjini wanaoogopa vidole vyao kunuka. Nikiletewa pweza wa nazi nikasikia cha kopo, nasukuma sahani. Marehemu mke wangu alikuwa anaponda na pilipili mbichi, unasikia kutoka barabarani. Mnataka kutuharibia mapishi.

MbanguaKorosho

Shikamoo mzee wangu. Kwenye pweza sikubishii hata neno moja, na pilau pia, naponda kibichi na tangawizi kama wengine. Ila kwenye korosho kibichi hakifai: kina maji, korosho zinalainika, na vipande vinaungua kabla korosho haijaiva. Nimejaribu, mzee.

Ticha wa Nachingwea

Marahaba kwa niaba ya mzee kama hajaona (utani tu mzee wangu).

Dada, hilo la robo saa si bahati. Nafundisha kemia, ngoja nieleze kwa lugha ya jikoni.

Kitunguu saumu kizima hakinuki sana. Shika punje uinuse kabla hujaikata, utaona. Ndani yake kuna kitu kinaitwa aliini, na kando kuna kimeng'enya kinaitwa alinasi. Wanakaa nyumba moja, vyumba tofauti. Ukikata au kuponda umebomoa ukuta, wanakutana, na kinachozaliwa ndiyo alisini, ile harufu kali inayokaa vidoleni mpaka kesho. Kwa hiyo kukitumbukiza kikiwa kizima ni tofauti na kukiponda.

Sasa ukikikausha taratibu kwa jua na upepo, wale wawili hawafi, wanakosa maji tu ya kukutania. Ukirudisha maji, kazi inaendelea ilipoishia. Dakika kumi zinatosha. Ila kimeng'enya hakipendi joto, kikifika kama nyuzi 60 na kuendelea kinaharibika. Ndiyo maana unga ulioutia moja kwa moja kwenye karai la moto ulikupa uchungu bila harufu, na ndiyo maana umesema maji ya kawaida na si ya moto. Umefika mwenyewe bila maabara.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: ndimu. Asidi nayo inakizuia kimeng'enya. Ukichanganya unga mkavu na maji ya ndimu moja kwa moja, umekiua kabla hakijaamka. Maji kwanza, ngoja, ndipo ndimu.

Shombe la Bahari (Lindi)

Ticha, kumbe! Mimi nakaanga samaki jioni, tasi na changu wadogo, na siku zote naanza na ndimu ili kukata shombo, halafu unga wa kitunguu saumu na chumvi. Nikawa nalaumu kopo kwamba ni feki, nimebadilisha aina tatu.

Ticha wa Nachingwea

Anza na ndimu ya kuoshea, sawa, lakini mwaga hayo maji na umfute samaki. Kitunguu saumu kiloweke pembeni kwenye maji kijiko kimoja, kisha mpake, pamoja na ndani ya zile chale. Ndimu ya kula iwe mezani.

Ila kuna kopo feki kweli, au tuseme lililoongezwa. Wale mliosoma baiolojia mnakumbuka ayodini na wanga? Kitunguu saumu hakiweki akiba yake kwa wanga kama muhogo, kina sukari ya namna nyingine. Dondoshea tone la ayodini kwenye unga ulioloweshwa. Ukibaki na rangi ya ayodini ileile, sawa. Ukigeuka bluu nyeusi, kuna wanga humo. Wengine wanaweka kidogo ili usigande na wanaandika kwenye lebo, wengine wanaweka nusu kopo na hawaandiki. Hiyo iliyojaribiwa msiile tu.

Gheto No. 7 (Mtwara, mwanachuo)

Mimi nimekausha changu juu ya jiko la mkaa, kwenye sinia, usiku mmoja tu kimekauka safi. Nimefanya hilo jaribio la maji sasa hivi nikiwa nasoma. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Kinanuka kama karanga zilizokaangwa. Hakuna kitu kinaamka hapa.

MbanguaKorosho

Umekichoma, mdogo wangu. Hicho tia kwenye mchuzi wa maharage, kina utamu wake wa kukaangwa, ila usitegemee makali.

Gheto No. 7

Maharage ndiyo ninayoyala siku tano kati ya saba. Basi hakijapotea.

Mama Mbaazi (Lindi)

Naomba nijibu swali la kuganda maana nimeliona linapitwa tu, watu wamekimbilia kemia.

Dada Mbangua, nakuuliza: unga unautolea wapi? Mkono juu ya sufuria inayochemka, eh? Ndipo ulipo ugonjwa. Mvuke unapanda unaingia kopo, unafunga mfuniko, umefungia na mvua ndani. Chota pembeni kwa kijiko kikavu, rudisha mfuniko, ndiyo uende jikoni. Hilo peke yake lilinipunguzia nusu ya tabu.

La pili, acha kutwanga wote. Hapo ndipo mimi nilipokosea miaka. Unga una njaa ya unyevu, unavuta kutoka hewani, na hewa ya Lindi wakati wa kaskazi unaweza kuikamua. Vipande haviko hivyo. Mimi naweka vipande vikavu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, pamoja na chembe za mchele nilizozikaanga kidogo, nimezifunga kwenye kitambaa. Kila Ijumaa natwanga cha wiki, kinakaa kwenye kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi nilichokiosha na kukianika. Vipande vikianza kukunjika badala ya kuvunjika, narudisha kwenye ungo juani nusu siku. Kukiwa na ukungu, hata punje moja, namwaga chupa nzima, siogopi hasara.

Tena vipande vina kazi ambayo unga hauwezi. Mbaazi zangu za nazi natia vipande tangu zinachemka na maji matupu, kama kiganja kisichojaa kwa kilo. Vinalainika pamoja na mbaazi, mwishoni huvioni ila unavisikia. Tui zito linaingia mwisho. Wateja wangu wa asubuhi, wale wa chapati na mbaazi, wananiuliza natia nini. Nawaambia mikono.

MbanguaKorosho

Mama, umenipata. Nanyunyizia juu ya mvuke kila siku. Nimecheka peke yangu hapa.

Baba wa Watatu (Masasi)

Jamani na mimi nitoe langu. Nilitumwa dukani nilete kitunguu saumu cha unga. Nikaleta kopo limeandikwa kitunguu saumu, picha ya kitunguu saumu, kila kitu. Wife akaweka kwenye kisamvu vijiko viwili vya chakula kama alivyozoea, halafu akaweka na chumvi yake. Hakikulika. Kuku walikataa! Kumbe ile ilikuwa chumvi yenye kitunguu saumu. Nimegeuza kopo nyuma, kitu cha kwanza kwenye orodha ni chumvi.

Mama Mbaazi

Hizo mara nyingi chumvi ni sehemu tatu, kitunguu saumu sehemu moja. Kile kilichoandikwa kwanza ndicho kingi. Lakini baba, na vijiko viwili vya chakula vya unga halisi navyo ni vingi mno kwa kisamvu cha familia! Kijiko kimoja cha chai cha unga laini ni kama punje nane. Wewe uliweka kama vichwa vinne au vitano vizima. Mngenuka mpaka Ndanda.

Baba wa Watatu

Vijiko si vyangu mama, mimi ni wa kutumwa tu.

Alizeti Tupu (Ruangwa)

Mbona mnateseka na jua na chandarua? Mimi namenya punje, nakata, natumbukiza mbichi kwenye chupa ya mafuta ya alizeti, naweka juu ya kabati. Miezi na miezi. Mafuta yenyewe yanakuwa matamu, nachomea mihogo.

Ticha wa Nachingwea

Hapana, ndugu yangu. Hapa naomba tuache utani.

Kitunguu saumu kinatoka ardhini, na udongoni kuna bakteria wanaoitwa klostridiamu botulinamu. Wakikosa hewa, wakapata unyevunyevu na joto la chumbani, wanatengeneza sumu. Punje mbichi ndani ya mafuta ni hapohapo: mafuta yamezuia hewa, punje ina maji, kabati letu lina joto. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa kula mgahawani kitunguu saumu cha kwenye mafuta ambacho hakikuwekwa kwenye friji. Sumu yenyewe haibadilishi harufu wala ladha, hujui mpaka macho yanaona mbilimbili na ulimi unakuwa mzito. Mtu akifika hapo ni hospitali, tena haraka.

Ukitaka mafuta ya namna hiyo, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache. Chupa ya kabatini kamwage leo.

Alizeti Tupu

Ina zaidi ya nusu lita, ticha.

Ticha wa Nachingwea

Mwaga.

Alizeti Tupu

Nimemwaga. Mke wangu ndiye amefurahi, anasema alikuwa haipendi ile chupa toka zamani.

Kibua wa Feri

Na je, ni kweli kitunguu saumu kinashusha presha? Nina mzee nyumbani anatafuna punje tatu kila asubuhi.

Ticha wa Nachingwea

Chakula ni chakula, dawa za hospitali asiache. Na kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kuhusu hizo punje tatu, maana kitunguu saumu kingi nacho kinapunguza damu kuganda. Turudi jikoni.

Mzee wa Mikindani

Mimi nauliza jambo. Wakati mmoja niliponda kitunguu saumu, nikakamulia ndimu, nikakiacha. Kurudi kimegeuka rangi, kijani kama bluu. Nilimwaga nikajua ni sumu. Hiyo nayo ni kemia?

Ticha wa Nachingwea

Ni kemia, mzee wangu, lakini hiyo haina madhara. Asidi ya ndimu inakutana na vitu vya ndani ya kitunguu saumu, rangi inajitokeza, hasa kama kimekaa sana ghalani. Ungekula tu.

Mzee wa Mikindani

Nilimwaga bakuli zima. Basi.

Shombe la Bahari

Mrejesho wa jana usiku. Samaki kumi na wawili. Sita nimewapaka kwa mtindo wa zamani, sita kwa mtindo wa ticha: unga kijiko kimoja cha chai kwenye maji kijiko kimoja cha chakula, dakika kumi, chumvi, pilipili manga kidogo, nikapaka mpaka ndani ya chale, nikamwacha samaki akauke juu ya wavu ndiyo nikamtia kwenye mafuta. Kitu kimoja niwaonye, akiingia na ule uji bado mbichi juu ya ngozi, unabanduka unabaki kwenye mafuta, unaungua, unachafua na wanaofuata. Mpanguse kidogo, kilichobaki ndani ya chale kinatosha. Mteja wangu mmoja, mvuvi, mtu asiyesifu kitu, alikula wa kwanza kimya. Akaagiza wa pili akasema, "Wa upande ule."

Mzee wa Mikindani

Nimesoma. Mjukuu wangu ameniletea kopo la unga bila kumtuma, nadhani na yeye yumo humu. Nimemfanyia kibua wa kukaanga kama alivyosema huyo wa Lindi. Kwa kibua, sawa. Kwa kukaanga, sawa. Pweza bado asiguswe.

Hizo korosho kifuko bei gani?

MbanguaKorosho

Mzee wangu kwako hakuna bei, nitampa kijana wa daladala ya Mikindani kesho. Nitumie ujumbe pembeni.

Gheto No. 7

Na sisi wa maharage hatupewi?

MbanguaKorosho

Wewe kakaushe upya, kwa jua.

Baba wa Watatu

Swali la mwisho kwa wataalamu, wife ameniagiza niulize. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, mnatia kitunguu saumu?

Mama Mbaazi

Ming'oko ni maji na chumvi. Mwambie asituletee matatizo.